Biskuti za siagi kutoka jikoni Ndalu: jinsi ya kuzioka, na yanayohitajika kabla ya kuziuza

Mvua ndefu zikishika katika kaunti ndogo ya Tongaren, nyasi huota upesi, ng'ombe hujaza ndoo, na bei ya maziwa hushuka. Ni msimu ambao mama wa Ndalu hupeleka maziwa ya asubuhi barabarani na kurudi nyumbani na ya jioni, kwa kuwa mnunuzi amesema ametosheka. Wakati uo huo, rafu za maduka ya hapo Ndalu na za Kitale zimejaa pakiti za biskuti zilizotengenezwa mbali, na hakuna wiki inayopita bila familia kununua.

Kuna biskuti moja ambayo nyumba yenye ng'ombe wawili inaweza kuioka bila mashine. Ni ile ya siagi, ambayo Waskoti huiita shotibredi: ngumu kidogo mkononi, laini mdomoni, na isiyo na yai wala hamira. Mbili zikiunganishwa kwa jemu au krimu katikati, huwa sandwichi ya biskuti. Haina siri nyingi, lakini ina mitego. Mmoja unahusu mikono iliyozoea chapati, mwingine moshi usioonekana, na mwingine homa inayotoka kwa ng'ombe.

Biskuti ya aina hii si ngeni katika eneo hili. Kabla ya uhuru, mashamba ya Ndalu yalikuwa sehemu ya ardhi ya walowezi wa Trans Nzoia, na yaligawiwa wakulima Waafrika kupitia mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Katika majiko ya walowezi, waliosimama mbele ya oveni ya kuni mara nyingi walikuwa wapishi Waafrika. Pwani nako, watu wa Mombasa na Lamu wanaijua nankatai iliyoletwa na Wahindi, na Wazanzibari wana vileja vya unga wa mchele na samli. Zote ni ndugu wa ukoo mmoja: unga, mafuta na sukari, bila maji.

Tatu, mbili, moja

Kipimo chake ni rahisi kukumbuka. Kwa uzani, ni sehemu 3 za unga wa ngano, 2 za siagi na 1 ya sukari. Kwa familia, gramu 300 za unga, gramu 200 za siagi na gramu 100 za sukari zinatosha. Asiye na mizani atumie kikombe cha mililita 250: unga ni vikombe viwili na theluthi, usioshindiliwa, na sukari ni vijiko 8 vya mezani vilivyosawazishwa. Siagi ya dukani huuzwa ikiwa imepimwa, kwa hiyo pakiti ya gramu 500 ikikatwa vipande vitano vilivyo sawa, viwili ndivyo vinavyohitajika. Chumvi ni nusu kijiko cha chai, na haitiwi kabisa ikiwa siagi tayari ina chumvi.

Kuhusu unga, dukani kuna wa chapati, wa kuokea na ule unaoumuka wenyewe. Wa kuokea ndio unaofaa. Unaoumuka wenyewe una poda ndani yake, na biskuti itavimba na kupoteza umbo. Sukari ya kawaida ina chembe kubwa, kwa hiyo isagwe kwenye blenda au itwangwe kinuni, kisha ipitishwe kwenye chekecheo la chai. Hakuna haja ya kununua sukari ya unga ya keki, ambayo bei yake iko juu.

Sasa mtego wa kwanza. Mpishi mzuri wa chapati hutia maji ya uvuguvugu, hukanda kwa nguvu, kisha huliacha donge lipumzike hadi linavutika kama mpira. Unaovutika pale ni utando wa protini ya ngano, ambao hujijenga unga unapokutana na maji na kusukwasukwa. Katika biskuti ya siagi kazi ni kinyume kabisa. Mafuta yanatakiwa kuifunika kila chembe ya unga ili utando huo usijengeke. Ndiyo maana biskuti huvunjika badala ya kuvutika. Aliyezoea chapati akiona donge lake la biskuti linachanikachanika, mkono wake humwambia aongeze maji kidogo na akande zaidi. Akifanya hivyo, atapata kitu kigumu cha kuchovya kwenye chai mpaka kilainike.

Siagi iwe laini kiasi cha kuingia kidole, lakini isiwe imeyeyuka. Ichanganywe na sukari kwa mwiko mpaka ibadilike rangi na kuwa nyeupe kiasi. Unga utiwe wote, kisha mpishi akusanye kwa ncha za vidole mpaka donge lishikane, na hapo aache. Donge lifunikwe na kuwekwa mahali baridi kwa nusu saa. Asubuhi ya Ndalu ni baridi ya kutosha hata bila friji.

Anayetumia majarini asome pakiti kwanza. Baadhi ya majarini za kupaka mkate zina maji mengi kuliko siagi, na maji hayo ndiyo tunayoyakimbia. Anayetumia samli, ambayo haina maji, apunguze: gramu 160 za samli zinachukua nafasi ya gramu 200 za siagi.

Mahindi nayo yana nafasi. Robo ya unga wa ngano, yaani gramu 75, inaweza kuondolewa na badala yake kuwekwa wanga mweupe wa mahindi, ule unaotiwa kwenye mchuzi ili uwe mzito, au unga wa mahindi uliosagwa laini na kuchekechwa mara mbili. Mahindi hayana protini ile ya ngano, kwa hiyo biskuti inazidi kuwa laini. Lakini mahindi yawe makavu na safi. Unyevu wa mahindi ya kuhifadhi haupaswi kuzidi asilimia 13.5, na yenye kuvu hayasafishwi kwa kuoka, kwa sababu sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani. Punje zilizooza zisitafutiwe njia ya kutumika, na wala wasipewe ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Oveni ya sufuria

Oveni ya umeme au ya gesi iwekwe nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi, na biskuti zikae humo dakika 15 hadi 18. Nyumba nyingi hazina oveni, na hazihitaji kuwa nayo. Sufuria kubwa yenye mfuniko mzito inatosha. Chini yake huwekwa mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, na juu ya mchanga sahani ya bati iliyopakwa siagi kidogo. Makaa yakishawaka vizuri, theluthi moja hubaki jikoni na theluthi mbili hupandishwa juu ya mfuniko. Biskuti nyingi za sufuria huungua chini na kubaki mbichi juu kwa sababu mpishi amefanya kinyume chake.

Sufuria ipate moto kwa robo saa kabla ya biskuti kuingia. Kupima joto bila kipimo, mpishi hunyunyiza unga kidogo kwenye sahani na kufunika. Ukibadilika kuwa rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika tano hivi, joto linafaa. Ukiwa mweusi ndani ya dakika moja, makaa ya chini yapunguzwe au yafunikwe majivu.

Donge lisukumwe kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa nusu sentimita, kisha likatwe kwa mdomo wa glasi ndogo ya chai. Kwa kipimo kilichotajwa hapo juu hupatikana karibu vipande 48, yaani jozi 24. Kila kipande kitobolewe kwa uma ili mvuke utoke. Biskuti iko tayari kingo zake zinapoanza kuwa na rangi ya dhahabu huku katikati pakiwa bado peupe. Ikitoka huwa laini kama haijaiva, na wengi huirudisha motoni kwa kosa hilo. Iachwe kwenye sahani dakika kumi, itakuwa ngumu yenyewe.

Kuna jambo la usalama hapa ambalo ni zito kuliko biskuti yenyewe. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala moshi wa kuonya. Kuoka duru tatu au nne huchukua zaidi ya saa moja, na jikoni mwenye baridi mtu hushawishika kufunga mlango. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hudhani ni njaa au uchovu. Kuoka kwa makaa kufanyike nje au jikoni palipo wazi milango na madirisha. Baada ya kuoka, jiko lenye makaa yaliyobaki lisiingizwe chumba cha kulala ili kupasha watoto joto. Kuna familia katika nchi hii zilizolala hivyo na hazikuamka. Akizidiwa mtu, atolewe nje kwenye hewa safi kwanza, kisha apelekwe kituo cha afya bila kungoja aone kama atapata nafuu.

Katikati ya biskuti

Krimu ya kawaida ya sandwichi ni siagi gramu 80 iliyosukwa na sukari ya unga gramu 160. Wenye ng'ombe hupenda kutengeneza siagi yao wenyewe: malai hukusanywa siku kadhaa, hutikiswa kwenye kibuyu au chupa pana hadi siagi ijitenge, kisha siagi huoshwa kwa maji safi ya baridi mpaka maji yatoke meupe, na kukamuliwa. Kwa biskuti na krimu pamoja, yaani gramu 280, mtu ajiandae kutumia malai ya lita nane hadi kumi hivi, kwa sababu kutoa malai kwa kijiko huacha mafuta mengi nyuma. Maziwa yaliyotolewa malai bado yanafaa kwa chai na uji.

Hapa ndipo penye mtego wa homa ya ng'ombe. Siagi iliyo ndani ya biskuti huokwa, na vijidudu hufa. Siagi ya krimu haipiti motoni. Ikitoka kwenye maziwa mabichi, inaweza kubeba brusela, ugonjwa unaopitishwa na ng'ombe na mbuzi na ambao humletea binadamu homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo kwa wiki au miezi. Dalili hizo hufanana na za malaria na homa ya matumbo, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuzunguka na dawa zisizo zake kwa muda mrefu. Mwenye homa ya namna hiyo amwambie daktari kama anafuga au hutumia maziwa mabichi. Kwa mpishi, kanuni ni fupi: maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo malai yaenguliwe. Siagi yake hupungua kidogo na ladha hubadilika kidogo, lakini inalika bila hofu.

Kuna njia nyingine ambayo pengine inaifaa Ndalu kuliko krimu. Kule Argentina, biskuti za sandwichi zinazopendwa sana, zinazoitwa alfajores, nyingine hutengenezwa kwa wanga wa mahindi na kuunganishwa kwa jemu ya maziwa. Mahindi na maziwa ndivyo vitu ambavyo Tongaren inavyo. Jemu hiyo ni lita moja ya maziwa, gramu 200 za sukari na ncha ya kijiko ya soda ya kuokea, ambayo huzuia maziwa kukatika na kuyasaidia kupata rangi. Sufuria iwe kubwa, kwani soda huyafanya maziwa kupanda. Huchemshwa kwa moto mdogo, huku yakikorogwa kila mara, na mwishoni bila kuacha, kwa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka yawe na rangi ya kahawia na mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia. Hupatikana karibu gramu 400, kutosha jozi zote 24 na kubakia ya mkate. Maziwa yamechemka vya kutosha kuua vijidudu, maji mengi yametoka, na lita iliyokosa mnunuzi imepata kazi.

Mapera, ambayo huanguka na kuoza chini ya miti wakati wa msimu, nayo hutoa jemu nzuri kwa kuwa yana kigandishi chake cha asili. Vitabu vya upishi vya ng'ambo husema jemu iko tayari ikifika nyuzi 104 au 105. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Kitale iko karibu mita 1,900 juu, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na anayengoja 105 ataunguza. Njia ya sahani ni ya uhakika: tone likiwekwa kwenye sahani baridi na kusukumwa kwa kidole, likikunjamana juu, jemu imeiva.

Siagi ya karanga ni tamu, ila karanga zina hatari ileile ya sumukuvu, na wapo watu, hasa watoto, ambao chembe moja ya karanga huwavimbisha koo. Anayeuza biskuti za karanga aseme hivyo waziwazi, na asitumie kisu kilekile kwa zile zisizo na karanga.

Chochote kiwekwacho katikati, adui ni maji. Biskuti ni kavu na hunyonya unyevu wa jemu. Sandwichi iliyotengenezwa Jumatatu huwa imelegea kufikia Jumatano. Biskuti tupu zikipoa kabisa na kufungiwa kwenye kopo lisiloingiza hewa hukaa wiki mbili. Kwa hiyo oka mapema, unganisha siku ya kula.

Ukitaka kuuza

Hesabu kwanza. Kwa bei za mfano, tuseme unga umegharimu shilingi 25, siagi gramu 200 shilingi 230, sukari yote shilingi 50, maziwa shilingi 60, makaa shilingi 80 na karatasi shilingi 25. Jumla ni shilingi 470. Ukigawa kwa jozi 24, kila moja imegharimu karibu shilingi 20 kabla ya kulipa mikono iliyofanya kazi. Anayeiuza kwa shilingi 10 kwa sababu ya dukani ni shilingi 10 anampa kila mteja shilingi 10 kutoka mfukoni mwake. Kwa majarini ya shilingi 95 badala ya siagi, gharama inashuka hadi shilingi 14 hivi, bado juu ya kumi. Kiwanda kinanunua mafuta na unga kwa tani, na jiko la nyumbani haliwezi kushindana nacho kwa bei. Soko lake ni harusi, harambee, siku za wazazi shuleni na ofisi zinazoagiza kitu cha chai, ambako mnunuzi analipia siagi halisi na biskuti ya jana.

Anayepikia familia yake hahitaji kibali cha mtu. Anayeuzia umma ni jambo lingine. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Kwa mkazi, hilo lina maana ya mambo matatu: kibali cha biashara, leseni ya usafi wa mahali pa kutengenezea chakula, chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, na cheti cha uchunguzi wa kiafya kwa kila anayeshika chakula hicho, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Afisa wa afya ya umma hukagua mahali penyewe: maji, choo, mahali pa kunawa mikono, sakafu inayosafishika, na njia ya kuzuia panya na nzi. Ni vyema kumwita mapema, kabla ya kununua vifaa, aseme nini kirekebishwe. Kikundi kinachotumia jiko moja kinapunguza gharama, kwa kuwa mahali panapokaguliwa ni pamoja, ingawa cheti cha afya ni cha kila mtu.

Biskuti zikitaka kuingia supamaketi, sharti liongezeke alama ya ubora ya KEBS. Shirika hilo lina utaratibu maalumu kwa biashara ndogo, na mnunuzi anaweza kuhakiki nambari ya alama kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023.

Ufungaji una sheria yake. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea hairuhusiwi nchini, na mfuko mwembamba wa kufungia mandazi haukusalimika. Karatasi ya kaki yenye karatasi ya kuokea ndani, boksi, au kopo ambalo mteja hulirudisha, vyote vinafaa. Juu yake paandikwe jina la biskuti, vilivyomo kuanzia kilicho kingi, uzito, jina na mahali pa mtengenezaji, tarehe ya kuoka na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Tarehe hiyo ya mwisho haikisiwi. Kabla ya kuuza, mpishi huacha jozi kumi kwenye vifungashio vilevile atakavyotumia, na kila siku hufungua moja, akaiangalia, akainusa na kuionja. Ikiwa ya sita imelegea au ina harufu ya mafuta yaliyochacha, lebo husema siku nne.